Vyumba vinane mara elfu hamsini

Wiki hii wamekuja wateja watatu, wote na hesabu ileile ya nyumba ya kupangisha. Mmoja anajenga Iyunga hapa Mbeya, mwingine Ilomba, wa tatu Kihesa kule Iringa. Vyumba vinane, kila kimoja 50,000 kwa mwezi, mara miezi 12: milioni 4.8. "Nimetumia milioni 48, miaka kumi hela yangu imerudi. Baada ya hapo nakula tu." Kazi yangu ni kusimamia nyumba za watu, na hiyo "nakula tu" imenichosha.

Milioni 4.8 ni pango la nyumba iliyojaa mwaka mzima, isiyovuja, isiyodaiwa. Sijawahi kukabidhiwa nyumba ya namna hiyo. Tuseme vyumba viwili tu vimekaa wazi miezi mitatu: laki tatu zimekwenda. Kwenye milioni 4.5 iliyobaki kuna kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, asilimia 10, yaani 450,000. Halafu matengenezo. Mvua zetu zinaanza Novemba mpaka Aprili. Bati linavuja, rangi ya nje inabanduka, shimo la choo linajaa kwa sababu ardhi imeloa hainywi tena, unaita gari la majitaka. Ongeza vitasa na koki, weka milioni moja. Umebaki na milioni 3.05. Hiyo ni asilimia 6 na kidogo ya mtaji wako, na ile miaka 10 imekuwa karibu 16. Kama sehemu ya mtaji ni mkopo wa benki, riba peke yake inaipita asilimia hiyo kwa mbali, na rejesho la kila mwezi halingoji mpangaji apatikane.

Kinachowaponza wengi ni kodi ya pango ya miezi sita inayolipwa mara moja. Mwenye nyumba anapokea 300,000 za chumba kimoja kwa mkupuo, jioni ameshalipia ada ya mtoto na mbolea ya shamba. Mwezi wa tatu paa likivuja, anakopa. Nalirudia hili kwa kila mteja: fungua akaunti ya nyumba, kodi yote iingie humo, kila mwezi utoe sehemu ya mwezi huo tu, na fungu la matengenezo usiliguse. Asiyetaka kufanya hivyo simshauri aongeze nyumba ya pili.

Wateja wana hoja nyingine pia. "Jirani na chuo vyumba havikai wazi." Vinakaa. Vyumba vyote ukivipangisha wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, likizo ndefu inakuachia nyumba nzima tupu kwa pamoja. Changanya: wanafunzi, mwalimu, mfanyabiashara wa soko la Mwanjelwa.

"Ardhi haishuki thamani." Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetele uliporomoka Itezi, hapa hapa Mbeya, ukafukia nyumba. Kabla ya kununua kwenye mteremko, nenda ukakitazame kiwanja siku ya mvua kubwa, uone maji yanapita wapi. Na unapokata bima usiishie kwenye moto. Soma kama maporomoko na mafuriko yamo.

"Nina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, inatosha." Kwa kiwanja chenye hati, haitoshi. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla hujatoa hata shilingi, uone jina la mmiliki na kama benki imeshikilia hati hiyo kwa mkopo. Uhamisho nao usajiliwe hukohuko.

"Mwenye nyumba ni mume, mke hahusiki." Anahusika. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji akikwambia mke wake yuko safarini na atasaini akirudi, subiri arudi. Pesa ibaki kwako mpaka siku hiyo.