Nyota Isiyo na Jina

Kesi ya askari aliyepotea vitani miaka themanini iliyopita haifanani na za waume watoro na wadeni sugu, ambazo ndizo zinazonilipia kodi ya ofisi hapa Mombasa. Mashahidi wamekwisha kufa, na kinachobaki aghalabu ni kitu kimoja ambacho familia imekiamini kupita kiasi.

Bibi mmoja wa Kisauni alifungua pindo la leso mbele yangu, akatoa nyota ya madini ya manjano yenye ncha sita na neno Burma. "Baba alifia huko msituni, mwanangu. Nataka kujua kaburi lake."

Niliigeuza, nyuma ilikuwa tupu. Nyota za namna hiyo Uingereza ilizitoa bila kuandika jina la askari, kwa hiyo ilithibitisha kwamba mtu fulani alihudumu katika vita vya Burma, bali haikusema ni nani. Nilipomuuliza nani mwingine wa ukoo wao aliyekwenda vitani, alimtaja ami yake, aliyerudi salama na kufia nyumba ileile ilimotunzwa nyota; huenda basi ilikuwa yake. Baba mtu, kumbe, alikuwa wa mizinga, na mkewe alimsindikiza hadi Kilindini katika kaskazi ya mwaka 1944.

Hapo niliiacha Burma, nikageukia bahari. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwemo 996 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo, ikazama kwa dakika chache, wakafa watu wapatao 1,300.

Hiyo bado ilikuwa dhana tu. Makarani wa jeshi waliandika majina walivyoyasikia, ndiyo maana sajili ya waliokufa vitani huwa naitafuta kwanza kwa tarehe na kikosi, jina baadaye. Namba ya jeshi iliyokuwa kwenye barua ya malipo ya mjane ilioana na ya mtu mmoja, ambaye Hamisi yake iliandikwa Amisi.

Kaburi hakuna, jina limechongwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, Nairobi. Bibi aliitazama picha ya jina hilo kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ile H itarudishwa na nani. Ombi la masahihisho nimekwisha kulipeleka, pamoja na nakala ya barua.