Ili wafunge, lazima kwanza wasome

Kila uchaguzi unapokaribia, simu yangu hujaa swali moja: "Injinia, VPN gani nzuri?" Yaani ile programu ya kukufikisha kwenye tovuti zilizofungwa. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya mtandao kwa muda mrefu, na swali hili linanisikitisha, kwa sababu siku hizi watu wanaliuliza kwa sauti ileile ya kuuliza bei ya mwavuli masika yanapoingia. Tumeshazoea. Na mazoea hayo yametufanya tubishane juu ya kufungiwa tovuti tu, wakati kilicho kizito zaidi kinatokea dakika chache kabla ya kufungiwa, ndani ya mtambo usiouona.

Njia ya kizamani ya kufunga tovuti ni kudanganya kuhusu anwani yake. Simu yako haifuati majina, inafuata namba. Ukiandika jina la tovuti, simu inamuuliza mtoa huduma wako: huyu anakaa wapi? Mtoa huduma akishaagizwa anajibu kuwa hamjui, mithili ya mjumbe aliyeambiwa asimwonyeshe mgeni nyumba. Lakini mgeni anaweza kumuuliza mtu mwingine. Ukiweka 8.8.8.8 ya Google kwenye mipangilio ya simu, unapata jibu na unafika. Ndiyo maana njia hii haimzuii mtu aliyedhamiria.

Ile ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Uchaguzi Mkuu wa Tanzania wa 2020 ulifanyika tarehe 28 Oktoba, na siku moja kabla yake Twitter na WhatsApp zilianza kugoma. Niliketi na kompyuta yenye programu ya kunasa pakiti, yaani vile vipande vya data vinavyopita mtandaoni, nikaanza kufuatilia hatua kwa hatua. Jina lilipata anwani sahihi. Seva ya upande wa pili ilipokea ombi la kuunganishwa. Kisha kompyuta yangu ikatuma salamu ya kuanzisha mazungumzo ya siri, yale yanayowekewa alama ya kufuli kwenye kivinjari, na hapo kukawa kimya. Nikarudia, kimya. Nikabadilisha kitu kimoja tu: kwenye ile salamu niliondoa jina la tovuti nikaweka jina la kubuni, anwani ikabaki ileile. Jibu likarudi papo hapo.

Nifafanue, kwa sababu jambo lote liko hapa. Mazungumzo yako na tovuti yamefungwa, hakuna wa njiani anayeweza kuyasoma. Ila ile salamu ya kwanza, kwa kawaida, hubeba jina la tovuti likiwa wazi, kama jina la mpokeaji juu ya bahasha. Anayetaka kuokota barua za mtu mmoja hana budi kusoma bahasha zote zinazopita posta. Mtambo haujui mapema nani anakwenda Twitter. Kwa hiyo unamsoma pia anayetafuta kliniki ya ugonjwa anaouficha hata kwa mke wake, anayemwandikia wakili, na anayesoma habari za chama ambacho bosi wake hakipendi. Wote hao wanaachiwa wapite, na kwa kuwa wamepita wanadhani hawakuguswa. Na mtambo ulioweza kusoma na kuokota hauhitaji kifaa kingine ili uanze kuweka daftari: laini hii, saa hii, tovuti hii.

Laini ya nani? Hilo nalo lilishajibiwa. Tarehe 20 Januari 2020 ndiyo ilikuwa mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole. Hoja iliyotolewa ilikuwa usalama na utapeli, na utapeli upo kweli. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewaliza wazee wengi. Lakini sheria hazikai kila moja kwenye kabati lake. Usajili wa vidole ukikutana na mtambo unaosoma bahasha, jina lako kamili linakaa kando ya kila mlango unaobisha hodi.

Katiba yetu, Ibara ya 18, imeliona hili kabla intaneti haijatufikia. Inatoa uhuru wa kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi, kisha inataja uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Tunapenda kunukuu ule wa kwanza. Mimi nausoma huu wa pili kila mara, maana ndio unaovunjwa hata siku ambazo hakuna kilichofungwa.

Ada nazo hufunga bila mtambo, nazitaja kwa kifupi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni, halafu 1,000,000 nyingine kila mwaka. Hakuna mtambo uliowashwa, lakini blogu zilizimika. Uganda mwaka huohuo walitoza shilingi 200 za kwao kwa siku kwa anayetaka kutumia mitandao ya kijamii.

Kuzima kabisa ni jambo jingine, halisomi chochote. Uganda walizimiwa Januari 2021 wakati wa kupiga kura. Sisi ikatukuta kuanzia 29 Oktoba 2025, takribani siku tano, katika siku za maandamano na vifo, wakati ambapo watu walihitaji kujua ndugu zao wako wapi. Ni unyama unaoonekana, kila mtu anaulaani. Ule wa kusoma bahasha hauna siku yake ya kulaaniwa.

Sasa hiyo VPN. Inaiweka bahasha yako ndani ya bahasha nyingine, hivyo mtoa huduma haoni jina. Lakini kuna mtu wa kufungua ile ya nje, naye anaona unakokwenda. Facebook ilinunua kampuni iitwayo Onavo, yenye programu ya VPN, mwaka 2013 ikaitumia kujua watu wanatumia programu zipi; Apple ilisababisha iondolewe dukani kwake 2018. Kwa hiyo ya bure usiyojua inalipiwa na nani, iogope.

Oktoba 2023 TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ilitoa tangazo: anayetumia VPN atoe taarifa zake, pamoja na anwani ya IP, ile namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Jioni moja wiki ileile nilipita kwa kijana wa duka la simu mtaani kwetu. Mwaka 2020 alikuwa amewawekea VPN wateja wengi, akiwemo muuguzi mmoja na mama anayeagiza mitumba kwa WhatsApp. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Injinia, na mimi nijaze ile fomu? Na hawa niliowawekea je?"

Nilimweleza tangazo linasema nini. Alisikiliza, akachukua simu yake mwenyewe, akaifuta ile programu mbele yangu. Kisha akafungua daftari la wateja, akaanza kuwapigia mmoja mmoja.