"Sisi Hatuuzi Taarifa za Wateja": Hakikisha Kwanza

Marekani haina sheria moja ya nchi nzima inayolinda taarifa binafsi za wateja kwa ujumla wake, kwa hiyo majimbo yanajitungia zao. California ilitangulia: sheria yake ya 2018 ilianza kutumika Januari 2020, na Novemba mwaka huo wapiga kura wakaikaza. Zikafuata Virginia, Colorado, Texas na nyingine. Kinachotazamwa ni mteja anaishi wapi, hata kama ofisi yako iko jimbo jingine.

Tukiwauliza wafanyabiashara, jibu huwa jepesi: "Sisi hatuuzi taarifa za mtu." Hapo ndipo Sephora, wauzaji wa vipodozi, walipokwama. Agosti 2022 walikubali kulipa dola milioni 1.2 kumaliza shauri la Mwanasheria Mkuu wa California. Waliziruhusu kampuni nyingine kuweka vifuatiliaji (vipande vya programu vinavyorekodi anachofanya mteja mtandaoni) kwenye tovuti na programu yao, nao wakanufaika na huduma za matangazo na uchambuzi. California inahesabu mabadilishano hayo kuwa mauzo, hata bila senti kupita mkononi. Isitoshe, vivinjari vya baadhi ya wateja vilikuwa vikituma ishara iitwayo Global Privacy Control, yaani "msiuze taarifa zangu", na tovuti haikuitii.

Basi mpigie aliyekutengenezea tovuti, akufungulie orodha ya kila kifuatiliaji kilichomo. Mara nyingi mwenye duka hajui vyote.

Udogo wa biashara nao usikudanganye. Sheria ya Virginia inakubana ukiwa na taarifa za wateja kuanzia 100,000, au 25,000 ikiwa zaidi ya nusu ya mapato yako yanatokana na kuuza taarifa. Texas haina idadi kama hiyo. Inawasamehe wafanyabiashara wadogo mengi, lakini hata wao hawaruhusiwi kuuza taarifa nyeti, kama za afya au dini, bila ridhaa ya mteja.

Mteja akitaka taarifa zake zifutwe, California inakupa siku 45. Akitaka tu zisiuzwe, usimhoji kama mtuhumiwa. Machi 2025 Honda ilitozwa dola 632,500, sababu moja ikiwa kudai maelezo mengi mno kwa watu wa namna hiyo. Yaani utoe taarifa zaidi ili zako zisichukuliwe! Sababu nyingine ilikuwa ya makaratasi: Honda haikuweza kuonyesha mikataba yenye masharti ya ulinzi na kampuni za matangazo ilizozipa taarifa hizo.