Figo Mpya na Kingamwili Zilizotangulia

Mgonjwa anayesubiri kupandikizwa figo huulizwa maswali yanayomshangaza. Umewahi kuongezewa damu? Umebeba mimba ngapi, pamoja na zilizoharibika? Wengine hujibu harakaharaka wakidhani ni kujaza fomu tu. Usifanye hivyo, kwani majibu hayo humwonyesha daktari hatari iliyojificha ndani ya damu yako.

Hatari yenyewe ni kingamwili: protini zinazotokana na seli nyeupe za aina ya B, kila moja ikilenga alama yake. Karibu seli zote za mwili zina alama ziitwazo HLA, nusu tumezirithi kwa baba, nusu kwa mama. Mjamzito hukutana na alama ambazo mtoto amezipata kwa baba yake. Aliyeongezewa damu hukutana na za mchangiaji. Mwili ukiziona ni ngeni, unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake na kuzikumbuka kwa miaka mingi, mwenyewe asihisi chochote.

Sasa figo yenye alama zilezile ikiunganishwa, kingamwili hazihitaji kuitafuta. Ukuta wa ndani wa mishipa yake ndio unaoguswa kwanza na damu. Zinanata hapo, zinaamsha protini nyingine ziitwazo komplementi, ukuta unajeruhiwa, damu inaganda, figo inakosa oksijeni. Yote hayo yanaweza kutokea kwa dakika chache, upasuaji ukiwa haujaisha, na kwa kawaida figo hiyo haiokoki. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walionyesha kwamba kuchanganya seli za mtoaji na majimaji ya damu ya mpokeaji kabla ya upasuaji huitambua hatari hii mapema. Kwa sababu ya kipimo hicho, janga hilo leo ni nadra. Na kukutwa na kingamwili si mwisho wa safari: anaweza kutafutwa mtoaji mwingine, au kingamwili zikapunguzwa kwanza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kingamwili zinazozaliwa baada ya upasuaji. Dawa za kila siku za kuzuia mwili usiikatae figo, kama takrolimu, huzituliza hasa seli nyeupe za aina ya T, ambazo ndizo huzichochea seli B. Dozi zikirukwa, uchochezi unarudi. Miezi au miaka baadaye kingamwili zinaanza kuichakaza mishipa midogo ya figo polepole, bila maumivu wala homa. Kreatinini, taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, inapanda kidogo, protini inaonekana kwenye mkojo, na mgonjwa bado anajiona mzima kabisa.

Hapo hupimwa damu kutafuta kingamwili zinazomlenga mtoaji, na kinyama kidogo cha figo huchukuliwa kikachunguzwe kwa hadubini. Matibabu yapo: kubadilisha plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu; kuongezewa imunoglobulini, yaani kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangiaji; au dawa za kupunguza seli B. Husaidia zaidi tatizo likiwa bichi. Kovu likishajaa ndani ya figo, halifutiki.

Wengi wanaoacha vidonge si wazembe. Mikono inatetemeka, tumbo linasumbua, au vidonge vimeisha kabla ya tarehe ya kliniki. Mwambie daktari wako mapema: dozi inaweza kurekebishwa au dawa kubadilishwa kwa mpango, bila kuiacha figo siku hata moja bila kinga.