Mtarakwa, vuli na masika: kusoma mvua za zamani ndani ya mti

Karibu kila aliyesoma biolojia shuleni anajua kwamba umri wa mti hupatikana kwa kuhesabu pete zake. Kwa miti ya Ulaya hiyo inatosha, maana kule baridi kali husimamisha ukuaji mara moja kwa mwaka. Kwa miti ya huku kwetu, kati ya Kilimanjaro na Meru, hesabu hiyo peke yake inapotosha. Nafanya kazi ya kusoma pete hizi, na nataka kueleza kwa nini mti wetu, hasa mtarakwa, mti wa mbao wa milimani, unahitaji kuhojiwa kabla ya kuaminiwa.

Mti hunenepa chini ya gome, kwenye utando mwembamba wa seli unaoitwa kambiamu. Mtarakwa ukipata mvua ya kutosha, seli zake mpya huwa pana na zenye kuta nyembamba, na mbao hapo huwa na rangi ya mpauko. Udongo ukikauka, seli huwa ndogo, kuta zake nene, na jicho huona mstari wa kahawia. Ukuaji ukisimama kisha mvua ikarudi, seli pana huanza tena ghafla. Mpaka huo ndio pete.

Sasa weka kalenda yetu hapo. Vuli inaanza Oktoba hadi Desemba, Januari na Februari jua linawaka, masika inanyesha Machi hadi Mei, halafu baridi na ukavu mpaka Septemba. Mti unaweza kuweka mstari mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Vuli ikikosekana, mstari wa katikati haupo. Haupo pia mvua zikiunganika, kama zilivyopitiliza kutoka vuli ya 1997 hadi mwanzoni mwa 1998 wakati wa El Niño. Anayehesabu mistari yote kama miaka anaweza kuupa mti umri mkubwa kuliko wake.

Tofauti huonekana baada ya kipande kusuguliwa kwa msasa, kuanzia wa kukwaruza hadi ule laini kabisa, kisha kikawekwa chini ya hadubini. Mstari wa Januari hufifia taratibu pande zote mbili: seli zinapungua ukubwa, kisha zinapanuka tena kidogo kidogo. Mstari wa kiangazi kirefu hukatika upande wa nje kama umepigwa rula. Mtarakwa una tabia nyingine inayosumbua zaidi. Mwaka wa ukame mkali unaweza kujenga pete upande mmoja tu wa shina, na upande wa pili isionekane kabisa. Ndiyo maana kijiti chembamba cha milimita 5, kinachotolewa kwa keekee yenye tundu bila kuuangusha mti, mara nyingi hakinitoshi. Natamani kipande kizima cha mviringo.

Kinga dhidi ya makosa haya ni kulinganisha miti mingi. Andrew Ellicott Douglass, mtaalamu wa nyota aliyefanya kazi Arizona, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, aliona kwamba mfuatano wa pete nyembamba na nene hujirudia mti hadi mti katika eneo moja. Unaoanisha mifuatano hiyo kama fundi cherehani anavyooanisha maua ya vipande viwili vya kitenge. Pete ikikosekana mti mmoja, miti jirani itaonyesha pengo lilipo.

Kuna uthibitisho mwingine ninaoupenda sana. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani yaliongeza kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi, hewani, ikafikia kilele katikati ya miaka ya 1960, na miti ikaivuta. Pete niliyoiandika 1965 ikipimwa na kukutwa na kiwango kidogo, basi nimekosea miaka, hakuna mjadala. Mashamba ya miti ya kupandwa kama yale ya Olmotonyi nayo yanasaidia, maana mwaka wa kupanda uko kwenye daftari. (Na kwa kuwa ukuaji wetu unavuka mwaka mpya, pete hupewa jina la mwaka ulipoanza: vuli ya 2008 na masika ya 2009 ni pete ya 2008.)

Watu hudhani mti mkubwa ndio bora. Mkukusu uliotangazwa 2016 kuwa mrefu kuliko miti yote Afrika, mita 81.5, uko kwenye bonde lenye unyevu la Kilimanjaro, na mti wa mahali pa namna hiyo hausikii ukame sana. Mimi natafuta mtarakwa wa upande mkavu, kaskazini na magharibi ya mlima, uliosimama juu ya mawe. Huo mvua ikipungua unaumia, na pete yake inabana.

Zimbabwe, yenye msimu mmoja wa mvua, tayari imepata historia ya mvua ya karibu miaka 200 kutoka kwenye mninga, mti uleule wa milango yetu. Barafu ya Kibo iliyochimbwa mwaka 2000 inarudi nyuma karibu miaka 11,700, na vumbi lililomo linaonyesha ukame mkubwa wa miaka kama 4,000 iliyopita. Lakini barafu hiyo haiwezi kukutenganishia mwaka mmoja na mwingine, na sehemu yake kubwa imeshayeyuka. Mti unaweza.

Kinachoniuma ni kwamba kumbukumbu hizi zinaishia jikoni. “Chukua tu mwalimu, hizo ni kuni,” mafundi wa mbao huniambia. Mchwa hauli mtarakwa kirahisi, kwa hiyo hata nguzo kuukuu ya uzio au boriti ya nyumba iliyobomolewa ina thamani. Ukipata mti ulioanguka, kata kipande kinene kama kiganja karibu na kisiki, andika mahali, tarehe na kama ni mtelemko au bondeni, kiache kikauke kivulini kisije kikapasuka. Gome usilibandue: pete iliyo chini yake ndiyo pekee ambayo mwaka wake tunaujua tangu mwanzo, na hesabu yote huanzia hapo kurudi nyuma.