Mti wenye ufa sio kuni jamani

Watu wengi wanaamini ukitaka kukereza, yaani kuchonga kwa mashine inayozungusha mbao, chombo cha mbao chenye tumbo wazi ndani, lazima upate gogo safi lisilo na fundo wala ufa. Sio kweli kabisa. Melvin Lindquist na mwanawe Mark, wakereza mbao wa Marekani, walijulikana kwa vyombo vya mbao iliyoanza kuoza, ile yenye mistari myeusi myembamba kama ya kalamu, na ile mistari ni kuvu zinazogombania eneo ndani ya mti, kila moja imejijengea ukuta wake. Nundu nayo, ule uvimbe unaoota kwenye shina la mti, ndo tamu zaidi, nyuzi zimejikunja kila upande, ukiipiga msasa inameta.

Tena mbao ikiwa na tundu ubavuni mwa chombo, linakusaidia, maana unakereza ndani kwa patasi iliyopinda bila kuona ncha yake, sasa pale kwenye tundu unaona unene wa ukuta wazi, hubahatishi.

Ila ufa unaokata gogo zima hapana, gogo hilo linaweza kupasuka mashine ikizunguka likakurukia. Anza spidi ndogo, vaa kinga ya uso, nyufa ndogo tia gundi kwanza.