Je, wajua kwa nini shujaa uliyemcheza hurudi akiwa mtu mwingine kwenye mwendelezo wa gemu?

Mwaka 1999 Nintendo ilitoa nchini Japani Pokémon Gold na Pokémon Silver, michezo ya kukamata viumbe na kuwapiganisha. Mchezaji huzunguka maeneo mawili mazima, hukusanya beji 16, na mwisho kabisa hupewa ruhusa ya kuupanda mlima wenye mapango uitwao Mt. Silver. Huko ndani kabisa amesimama kijana mmoja peke yake. Ukimsemesha hajibu, kisanduku cha maneno kinaonyesha nukta tu, kisha pambano linaanza. Anatoa Pikachu wa leveli ya 81, na nyuma yake wanasubiri Venusaur, Charizard na Blastoise. Hao watatu wa mwisho ni maumbo ya utu uzima ya wale viumbe watatu ambao mchezo wa kwanza, mwaka 1996, ulikutaka uchague mmoja tu. Hapo ndipo unapomtambua. Anaitwa Red. Ni yule mtoto uliyemtoa nyumbani kwao na kumwongoza hadi ubingwa, na sasa miaka mitatu imepita.

Kwa nini haongei? Kwa sababu hata kwenye mchezo wa kwanza hakuongea. Maneno yake yote yalikuwa yako wewe uliyeshika kifaa, na sasa kifaa hicho kinamwongoza mtoto mwingine.

Wenzake nao wamesogea. Blue, mpinzani aliyekuwa akikuvizia kila njia panda, amekalia kiti cha kiongozi wa jimu (ukumbi wa mapambano ya kuwania beji) ya Viridian, kiti kilichoachwa wazi na Giovanni, mkuu wa genge la Team Rocket. Koga, kiongozi mwingine wa jimu, amepanda hadi kwenye kundi la wapiganaji wanne bora, na jimu yake imerithiwa na binti yake Janine. Ukipita humo baada ya kuucheza mchezo wa kwanza, unajihisi umerudi mtaa uliokulia na kukuta kila mtu ana kazi mpya.

Swali basi ni hili: kwa nini watengenezaji wa gemu hawamrudishi tu shujaa wao mahali pale pale alipokuwa? (Itabidi nitaje miisho ya michezo kadhaa. Mingi ni ya zamani, lakini ambaye hajaimaliza aelewe hivyo.)

Sababu ya kwanza iko kwenye ufundi wenyewe wa gemu. Msomaji wa hadithi hasumbuliwi na shujaa kuanza kitabu cha pili akiwa na nguvu zote alizopata kwenye cha kwanza. Mchezaji husumbuliwa, maana utamu wa gemu ni kukua: unaanza huna kitu, unajifunza, unapata silaha, unafika mwisho ukiwa kiboko. Mwendelezo ukikukabidhi kiboko huyo huyo tangu dakika ya kwanza, hauna tena cha kukupa. Na kuna watu wanaouanza mfululizo kwenye toleo la pili, vidole vyao havijazoea padi. Hao wakipewa mhusika mwenye uwezo 30 kwa mpigo watachanganyikiwa.

Njia nyepesi ya kulitatua hili ni kumvua shujaa nguvu zake. Metroid Prime ya mwaka 2002 inamwanzisha shujaa wake Samus akiwa na zana nzuri, kisha mlipuko unaharibu vazi lake na anabaki na bunduki ya kawaida. Mwendelezo wake wa mwaka 2004, Metroid Prime 2: Echoes, ukafanya jambo lile lile kwa sababu nyingine: viumbe waitwao Ing wanamwibia uwezo wake. Sina ugomvi na njia hii, lakini ikirudiwa inaanza kunuka. Mchezaji anajua kabisa kwamba ananyang'anywa ili baadaye auziwe tena mali yake mwenyewe.

Njia ya pili ni kumtoa shujaa mikononi mwako, na hapa ndipo mambo yanapokuwa mazuri. Tazama Metal Gear Solid 2, gemu la Hideo Kojima la mwaka 2001. Gemu lililotangulia, la mwaka 1998, lilikuwa la Solid Snake, komando aliyepenya peke yake kwenye kituo cha silaha huko Alaska. Matangazo ya toleo jipya yalimwonyesha Snake, na sehemu ya majaribio iliyotolewa mapema ilikuwa yake. Ukiweka diski unamcheza kweli, ndani ya meli ya mafuta usiku wa mvua. Kisha sura ile inafungwa. Miaka miwili inapita ndani ya hadithi, na mtu mwingine anaibuka majini, uso umefunikwa na kofia ya kupigia mbizi. Kwenye redio anaitwa Snake. Baada ya muda mfupi jina linabadilishwa, kofia inavuliwa, na unamwona kijana mwenye nywele nyeupe aitwaye Raiden, ambaye mazoezi yake ya vita ameyafanyia kwenye kompyuta.

Yaani amejifunza vita kama wewe ulivyojifunza.

Snake halisi yumo humo humo, amejificha nyuma ya jina la Iroquois Pliskin, na kwa saa nyingi unamtazama kutoka pembeni. Anavuta sigara, anatoa ushauri, anajua mambo usiyoyajua. Karibu na mwisho Raiden anamuuliza kama risasi zinamtosha. Snake anagusa kitambaa alichofunga kichwani na kumwambia hazikwishi. Aliyelimaliza lile gemu la 1998 hapo moyo unamruka, kwa kuwa kitambaa hicho kilikuwa zawadi ya kulimaliza na kweli kilimpa mchezaji risasi zisizokwisha. Kwa maneno mengine, Snake hakuvuliwa chochote. Amebaki na kila kitu ulichomchumia, na ndiyo maana haikuwezekana uendelee kumshika. Kojima alieleza kwamba alitaka Snake aonekane kwa macho ya mtu mwingine, na nadhani alipatia. Ukiwa ndani ya shujaa humwoni ukubwa wake, unaona tu mgongo wake na idadi ya risasi.

Wachezaji wengi walikasirika, na hasira yao naielewa: waliahidiwa rafiki, wakapewa mgeni. Lakini gurudumu likazunguka. Mwaka 2008, kwenye toleo la nne, unamshika tena Snake, safari hii amezeeka kabla ya wakati na mwili unamuuma, na anayetokea kumwokoa ni Raiden, sasa nusu mtu nusu mashine, mwenye upanga unaokata vyuma. Yule aliyechukiwa akapokelewa kwa shangwe, na mwaka 2013 akapata gemu lake mwenyewe. Tofauti ilikuwa mahali pa kusimama: awali alikalia kiti cha mwenzake, sasa alitazamwa kutoka kando kama alivyotazamwa Snake.

Wengi hudhani ujasiri wa namna hii ni wa miaka ya karibuni. Sivyo. Mwaka 1981 gemu la Donkey Kong lilimpa mchezaji kazi ya kumwongoza Mario amwokoe mwanamke aliyetekwa na sokwe. Mwaka uliofuata ukaja mwendelezo, Donkey Kong Jr., na humo sokwe ndiye aliye kifungoni, Mario ndiye mlinzi wa kizimba, nawe ni mtoto wa sokwe unayekwea minyororo kumfikia baba yako. Mchezo wa pili tu, na tayari shujaa ni askari jela! Yule mwanamke, Pauline, alingoja zaidi: mwaka 2017, ndani ya Super Mario Odyssey, alirudi akiwa meya wa jiji zima.

Kuna sababu nyingine ambayo wachezaji huisahau, nayo ni hesabu ya kazi. Chukua mfululizo wa Mass Effect, wa mwaka 2007, 2010 na 2012, ambao maamuzi yako ya toleo moja hubebwa kwenda toleo linalofuata. Kwenye la kwanza unalazimika kumwacha mmoja kati ya askari wako Ashley na Kaidan afe. Mwenzao Wrex anaweza kuuawa au kubaki hai, kutegemea ulivyoongea naye. Kwenye la pili, safari ya mwisho inaweza kuua takriban kila mtu wa kikosi chako. Sasa jiweke mahali pa mwandishi wa toleo la tatu. Kila sentensi utakayomwandikia mtu anayeweza kuwa marehemu lazima irekodiwe na mwigizaji, iigizwe na mwili wa kompyuta, ipimwe, na bado sehemu ya wachezaji hawataisikia kamwe kwa sababu kwao mtu huyo alishazikwa.

Ndiyo maana wahusika wengi waliokuwa nguzo za toleo la pili wanatokea kwenye la tatu kama wageni wa sura moja, kisha wanaondoka. Ndiyo maana pia wapo wa akiba: Wrex akiwa amekufa, ndugu yake Wreav anaongoza watu wao, na tabibu Mordin akiwa amekufa, Padok Wiks anashika kazi yake. Mchezaji aliyeumia moyo akiuliza kwa nini rafiki yake kapewa dakika kumi tu, jibu ni kwamba rafiki huyo aliwekwa rehani ya kifo kwenye toleo lililopita, na rehani hiyo hulipwa na jukumu lake. Uhuru aliopewa mchezaji ndio uliompunguzia mhusika nafasi.

Gemu za mapigano zina uhuru wake, kwani huko hata kifo ni vazi. Sub-Zero wa Mortal Kombat ya kwanza aliuawa, akarudi toleo la pili akiwa mdogo wake aliyerithi jina, na baadaye ikafichuliwa kwamba kaka aliyekufa ndiye kile kivuli cheusi kiitwacho Noob Saibot. Wapiganaji hao kwa asili walikuwa picha zile zile zilizobadilishwa rangi. Rangi ikawa mtu, mtu akawa na ukoo.

Mara nyingine anayerudi si shujaa kabisa. The Last of Us ya mwaka 2013 inaishia hospitalini, ambako Joel, mhusika unayemcheza, anaua watu wengi ili kumtoa Ellie, msichana ambaye madaktari wangemuua kwa upasuaji wakitafuta tiba ya ugonjwa uliokumba dunia. Kwenye chumba cha upasuaji kuna daktari mmoja asiyetajwa jina. Mchezo hauendelei mpaka umuue. Hakuna mlango mwingine. Miaka saba baadaye, kwenye sehemu ya pili, anatokea mwanamke aitwaye Abby, anamuua Joel saa chache tu baada ya mchezo kuanza, kisha mchezo unakukabidhi Abby huyo umcheze. Yule daktari alikuwa baba yake. Mtu aliyekuwa kizuizi tu mlangoni kapewa jina, uso na mtoto, na wewe ndiye uliyebonyeza kitufe. Filamu ingeweza kutuambia kwamba Joel alimkosea binti huyu. Gemu peke yake ndilo linaloweza kusema kosa lilipita kwenye kidole chako.

Lakini kwangu kazi safi kuliko zote bado ni Castlevania: Symphony of the Night ya Konami, mwaka 1997, kwa kuwa ilitumia njia zote hizi kwa wakati mmoja. Inaanza kwa kukupa Richter Belmont, shujaa wa gemu lililotangulia, akipigana na Dracula kwenye pambano lile lile ulilokwisha kulishinda. Kisha Richter anatoweka, na unapewa Alucard, mwana wa Dracula (lisome jina lake kinyumenyume), ambaye mwaka 1989 alikuwa msaidizi tu wa Belmont mwingine. Alucard anaingia kwenye ngome akiwa na silaha kali mno, anafyeka kila kitu, na baada ya vyumba vichache Kifo mwenyewe anamzuia njiani na kumpokonya zote.

Saa nyingi baadaye unamfikia bwana wa ngome. Ni Richter. Shujaa wako wa jana anasema wazi kwamba anataka Dracula afufuke ili vita viendelee milele. Ukimpiga hadi afe, majina ya watengenezaji yanapita na mchezo unakwisha. Ila Maria, ambaye kwenye gemu lililopita alikuwa mtoto wa kuokolewa na sasa ni msichana mkubwa anayemtafuta Richter, anaweza kukupa miwani. Ukiivaa wakati wa pambano unaona tufe la kijani likielea juu ya Richter, likimwendesha kama wewe ulivyowahi kumwendesha. Ukilipiga tufe na kumwacha yeye, mbingu zinafunguka na ngome ya pili inajitokeza, imepinduliwa juu chini, karibu sawa kwa ukubwa na ile ya kwanza. Upanga, ngao na deraya alizopokonya Kifo vimetawanyika humo, vyumba kwa vyumba, na aliyemuua Richter havioni kabisa.